Safari Yetu ya Gigiri

Katika miji yetu ya pwani ni taabu siku hizi kuipata nyumba isiyo na mtu wake ng'ambo. Wazee wetu walisafiri kwa majahazi, wakienda Maskati na Bombay kwa pepo za Kusi na kurudi kwa Kaskazi, na aliyewahoji hakuwa ila nahodha, naye swali lake lilikuwa moja tu: nauli iko wapi? Leo anayetaka kwenda kukaa katika nchi ya watu huulizwa maswali mengi kabla hajafunga mzigo wake, na jibu moja likipotoka, safari nzima hupotoka. Sisi tuliyaonja haya mwezi wa Shaabani 1440, yaani Aprili 2019, tulipomchukua binti yetu kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwenda kuhojiwa katika Ubalozi wa Marekani, ili apate ruhusa ya kwenda kukaa na mumewe katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Tunayaandika tuliyoyaona kwa sababu wasomaji wengi wana watoto watakaopita njia hii hii, na kwa sababu sisi wenyewe tulikaribia kuteleza mahali ambapo wengi huteleza.

Binti yetu aliolewa Desemba 2017. Mumewe ni kijana wa hapa hapa kwetu ambaye alikwenda Marekani akiwa mdogo pamoja na wazazi wake, akapata uraia wa huko. Baada ya harusi alikaa nasi wiki sita, akarudi kazini kwake, na mwaka wa pili yake akaja tena mwezi mmoja. Baina ya hapo mapenzi yao yalikuwa ni ya simu. Yeye ndiye aliyeanza kwa kupeleka maombi kwa serikali yake kwamba huyu ni mke wangu, nami namtaka aje. Maombi yalipokubaliwa yalipelekwa kwenye afisi ya viza iliyoko Portsmouth, New Hampshire, na huko ndiko zilikokusanywa karatasi zote kabla ya kuletwa Nairobi.

Karatasi zenyewe zilikuwa hizi: paspoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa cha Kadhi, cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho hakipatikani ila kwa kupiga chapa vidole vyote kumi, na picha mbili za mraba, kila upande sentimita tano. Akina mama wengi walitutia khofu juu ya picha hizo, wakisema kwamba binti atalazimishwa avue mtandio. Si kweli. Mwenye kufunika kichwa kwa ajili ya dini huruhusiwa kufunika, ila uso wote sharti uonekane, tangu kipaji mpaka kidevu. Kisha kuna daktari, naye si daktari yeyote umpendaye bali ni yule aliyeteuliwa na ubalozi. Humpima mtu kifua kwa ajili ya kifua kikuu, humtoa damu, na kumchanja chanjo zilizopungua.

Ama gharama, ni vizuri mtu azijue mapema asije akaaibika katikati ya njia. Wakati ule maombi ya mume yalikuwa dola 535, ada ya viza dola 325, ukaguzi wa karatasi za udhamini dola 120, na ada ya kutengenezewa kadi ya ukaaji dola 220. Jumla dola 1,200, mbali na daktari na nauli. Bei hizi hubadilika, basi msomaji aulize za siku zake.

Katika karatasi zote, iliyotushangaza zaidi ni ile ya udhamini. Mume husaini mbele ya serikali kwamba kipato chake kinatosha kumtunza mkewe. Kwa watu wawili mwaka ule kilitakiwa kisipungue dola 21,137 kwa mwaka. Na dhamana hiyo haimtoki hata wakiachana. Humganda mpaka mke awe raia, au ahesabiwe kazi ya robo arubaini za mwaka, ambazo ni kama miaka kumi, au aihame nchi ile moja kwa moja, au mmoja wao afe. Mama yake binti aliposomewa habari hii aliitaka irudiwe mara ya pili. Akasema, "Kumbe na wao wanaijua nafaka!"

Karatasi zilipotimia tukaanza mazoezi. Kila usiku baada ya Isha, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, mama hukaa juu ya kiti akavaa miwani ya kusomea, binti akasimama mbele yake, nasi tukawa tunasoma maswali kutoka kwenye daftari. Mlijuanaje? Mahari yalikuwa kiasi gani, na nani aliyeyapokea? Mumeo anafanya kazi gani, na huingia saa ngapi? Mama mkwe wako anaitwaje? Je, mumeo ana mke mwingine? Swali hili la mwisho si la kupitisha wakati, kwa maana anayehamia Marekani akiwa na nia ya kuishi katika ndoa ya wake wengi huzuiliwa kwa sheria yao.

Binti alijibu yote vizuri, lakini kwa sauti ndogo ambayo hata sisi tulio karibu naye tulikuwa tukiinamisha vichwa ili tuisikie. Mama akamwambia, "Mwanangu, yule atakuwa nyuma ya kioo. Sema!" Naye hucheka, akasema zaidi kidogo, kisha sauti ikashuka tena. Hatukuweza kumlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba sauti ya mwanamwali haivuki ukuta.

Shida ilikuja tulipozipanga picha za harusi. Tulikuwa na picha nyingi. Za akina mama siku ya kupamba tuliziweka kando, kwa kuwa hazikupigwa ili zitazamwe na wageni. Zilizobaki zilikuwa za aina mbili: za msikitini, ambamo bwana harusi ameshikana mkono na sisi, mawalii, na mashahidi wako ubavuni, na moja ya nyumbani, ambamo amemwekea mkewe mkono kichwani baada ya kuingia kumpa mkono. Picha ya nikaha iliyo na bwana na bibi pamoja haikuwako, wala haingeweza kuwako. Kila msomaji wetu anaijua dasturi hii. Siku ile sheikh alikuja nyumbani kabla ya Alasiri pamoja na mashahidi wawili, akasimama nje ya chumba cha ndani, akamwuliza binti kama ameridhika kuozwa na fulani kwa mahari kadha. Binti akanyamaza. Sheikh akauliza tena, akanyamaza, na shangazi zake wakapiga vigelegele. Kwa mwanamwali kunyamaza ni idhini. Kisha tukaenda msikitini, tukaoza.

Palikuwa na kijana mmoja mjini aliyekuwa akiwajazia watu karatasi za safari kwa malipo. Tulimwonyesha picha zetu, akazitazama, akatikisa kichwa. Akasema, "Mzee wangu, hapa pana hatari. Wamarekani hawaitambui ndoa ambayo mke hakuwapo. Binti aseme alikuwa msikitini upande wa wanawake. Nami nitawafanyia barua ya kuthibitisha, nanyi mtanipa shilingi elfu thelathini." Alisema maneno haya kwa upole, kama mtu anayekuuzia dawa.

Hatutaficha kwamba tulitaka kukubali. Miezi kumi na sita mtoto alikuwa akilala na simu chini ya mto, na uwongo wenyewe ulionekana mdogo, wa hatua mia mbili tu baina ya nyumba na msikiti. Tukamwendea sheikh yule aliyeozesha, tukamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza, "Je, nikaha yenu ilikuwa na kasoro?" Tukasema la. Akasema, "Basi kwa nini mnaitafutia kiraka?" Wala hakuongeza neno. Tukarudi nyumbani tukamwambia binti kwamba atasema yaliyokuwa, na Mungu ndiye mwenye kujaalia. Hata hivyo tukampigia simu mkwe wetu amwulize mwanasheria wa huko kwao kama alichosema yule kijana kina ukweli.

Tuliondoka Mombasa kwa treni ya asubuhi, kutoka kituo cha Miritini. Treni hii ya reli mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na nauli ya daraja la pili ilikuwa shilingi 1,000. Aliyeizoea reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ambayo safari yake ilikuwa ya kulala njiani, ataona ajabu: kilomita zaidi ya mia nne na sabini zimekwisha kabla ya Alasiri. Baada ya Mariakani minazi hukoma, na ardhi huwa nyekundu. Huko Tsavo reli imeinuliwa juu ya nguzo mahali mahali ili wanyama wapite chini yake, nasi tuliwaona ndovu wamejipaka vumbi jekundu hata wakawa rangi moja na nchi. Abiria wote wakainuka kuwatazama, isipokuwa binti yetu. Yeye alikuwa amefungua bahasha ya karatasi zake juu ya magoti akizihesabu, kama alivyozihesabu Voi, na kama atakavyozihesabu Mtito Andei.

Nairobi tulifikia kwa shangazi yake, dada yetu, anayekaa South C. Kesho yake, kwa kuwa mahojiano yalikuwa ya siku ya pili yake, tulikwenda mjini tukasali Adhuhuri Msikiti wa Jamia, kisha tukatembea mpaka pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Hapo ndipo ulipokuwa Ubalozi wa Marekani hadi siku ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, ulipopigwa bomu. Watu zaidi ya mia mbili walikufa katika mji huu, wengi wao Wakenya waliokuwa wakienda kazini au wakipita njia tu, na siku hiyo hiyo wengine kumi na mmoja walikufa Dar es Salaam. Sasa pana bustani ndogo, na ukuta wenye majina ya waliokufa. Tulisimama tukayasoma. Majina ya Kiislamu yamo humo pamoja na ya wenziwao. Asiyepita hapa kwanza hawezi kuelewa kwa nini ubalozi ulihamishwa mbali na mji, wala kwa nini mtu hupekuliwa mara kwa mara kabla ya kuufikia mlango. Binti akatuuliza, "Baba, nao wakiliona jina langu, si watayakumbuka haya?" Tukamwambia kwamba waliofanya yale hawakuwauliza waliowaua majina yao.

Usiku ule mkwe wetu alipiga simu. Mwanasheria amemwambia kwamba yule kijana wa Mombasa alisema nusu. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 kweli haimhesabu kuwa mume au mke yule ambaye katika kufungwa ndoa hakuwapo mbele ya mwenziwe. Lakini sheria hiyo hiyo inaendelea kusema: isipokuwa kama baada ya hapo wameingiliana. Asili yake ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wanawake wa Kijapani walikuwa wakiozwa kwa picha tu na wanaume wenziwao waliokuwa Marekani, wakavuka bahari kwenda kwa waume wasiowahi kuwaona. Na sheria ya mwaka 1924 ikazikataa ndoa hizo za picha na za uwakilishi. Kwa hivyo ndoa yetu haikuwa na hatari yoyote, madhali wale wawili walikaa pamoja kama mke na mume wiki sita baada ya nikaha. Ama uwongo, huo ndio uliokuwa hatari. Anayedanganya katika jambo la msingi ili apate viza huzuiliwa kuingia nchi ile maisha yake yote, isipokuwa akipata msamaha maalumu, nao si mwepesi kuupata.

Tulishukuru, kisha tukaona zito jingine. Binti itabidi awe tayari kulisema jambo lile kwa mdomo wake, mbele ya mtu asiyemjua. Baba hawezi kumfundisha bintiye maneno hayo. Kwetu ziko kazi za baba, na ziko kazi za somo. Tukamtazama dada yetu, naye akafahamu bila ya kuambiwa. Akamshika binti mkono, wakaingia ndani, wakafunga mlango. Walikaa kama saa nzima. Sisi tulibaki sebuleni na kikombe cha chai kilichopoa.

Ubalozi uko Gigiri, upande wa kaskazini wa mji, katika barabara ya United Nations Avenue, karibu na makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Tulifika alfajiri kukiwa na baridi. Foleni ilikuwa imekwisha kuwa ndefu: mabibi wa Kisomali wamebeba watoto, vijana waliovaa suti za kuazima, mzee mmoja wa Kikamba anayekwenda kwa mwanawe. Simu hairuhusiwi ndani, wala wazazi wasiohusika. Binti akatupa simu yake na mkoba, akabaki na bahasha. Tukamwombea dua, akaingia langoni.

Karibu na hapo unaanza msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenziwe walipigwa kwa kuutetea mwaka 1999, ulipotaka kukatwa ugawiwe watu. Miti ingali imesimama. Sisi tulisimama mahali pa kuyaona majani yake, tukavuta uradi mpaka jua likapanda. Mzazi aliye nje ya ukuta ule hana analoweza kufanya. Miaka ishirini na mbili tulimsemea mtoto huyu: shuleni, hospitali, hata katika nikaha yake ulimi ulikuwa wetu. Siku ile ulimi ulikuwa wake peke yake.

Alitoka saa tano na robo. Tulimwona kwa mbali, tusiweze kuusoma uso wake. Alipofika alituhadithia hivi. Alipigwa chapa vidole, kisha akaitwa dirishani. Afisa alikuwa bibi wa makamo. Alimtaka ainue mkono wa kulia athibitishe kwamba atasema kweli. Akamwuliza ya mahari, na ya kazi ya mume, na kama mume ana mke mwingine. Kisha akachukua picha ya msikitini, akaibandika kwenye kioo, akasema, "Wewe uko wapi hapa?"

Binti akajibu, "Mimi simo. Nilikuwa nyumbani, katika chumba cha ndani. Huyu aliyemshika mume wangu mkono ni baba yangu, naye alisimama kwa ajili yangu. Ndivyo tuoanavyo sisi."

Afisa akauliza, "Nani alikuuliza wewe kama unataka?"

Akasema, "Sheikh aliniuliza mara mbili mlangoni."

"Ukajibu nini?"

"Nilinyamaza. Kwetu kunyamaza ni kukubali. Lakini leo nikiulizwa nitasema: nilitaka, na ninataka."

Afisa akaandika. Kisha akamwuliza lile alilofundishwa na shangazi yake, naye akalijibu kwa maneno machache, bila ya kuinamisha kichwa. Akaulizwa tena maswali mawili ya wepesi juu ya mji wa Columbus. Paspoti ikabaki kwao, akapewa karatasi ya kumwambia kwamba viza imekubaliwa. Mambo yote hayakufika dakika kumi na tano.

Viza yenyewe aliipata siku chache baadaye pamoja na bahasha iliyofungwa, ambayo hatakiwi kuifungua mpaka aikabidhi kwa maafisa wa mahali atakapoingilia Marekani. Na kwa kuwa ndoa yao ilikuwa haijatimiza miaka miwili, kadi ya kwanza ya ukaaji ni ya miaka miwili, na kabla ya kwisha kwake sharti mume na mke waombe pamoja iondolewe sharti hilo, wakionyesha kwamba wangali wanaishi pamoja.

Basi kwa wasomaji wetu walio na safari kama hii, tunausia machache. Karatasi zipangwe mapema, na majina na tarehe zilinganishwe moja moja, kwa maana herufi moja iliyozidi katika jina la babu huleta maswali. Kila mmoja ahojiwe nyumbani kwa sauti, si kwa ajili ya kukariri majibu, bali kwa ajili ya kuizoea sauti yake mwenyewe. Swali la sheria aulizwe mwanasheria, si muuza karatasi. Na dasturi zetu zisionewe haya hata zikasemewa uwongo. Zielezwe kama zilivyo, kwa maneno mepesi, kwani yule aliye nyuma ya kioo hazijui, na asiyejua huelezwa. Ama yale mazito ya kusema, yatafutiwe mtu wake wa kuyafundisha, kwani kila nyumba ina shangazi.

Aliondoka Mombasa baada ya Idi. Mama yake alitia katika mzigo wake pojo, kofia mbili za mkwe, na udi. Usiku wa kabla ya hapo tulikuwa tumekaa barazani, jirani mmoja akatupigia hodi kutoka mwisho wa ukumbi kwa swali lake. Binti akamjibu kutoka ndani, na jirani akasikia pale pale aliposimama. Mama akatutazama. Hatukusema kitu. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, na awajaalie ukweli kuwa ndio chakula chao cha njiani. Amin.